Daraja la Kuingia Chuo Kikuu: Urithi wa Mtakatifu Katharine Drexel na Malezi ya Wanafunzi wa Jamii za Pembezoni Nchini Marekani

Miongoni mwa wenyeheri waliotangazwa na Mtakatifu Yohane Paulo II kuwa watakatifu tarehe 1 Oktoba 2000 walikuwemo wanawake wawili wanaofaa kutazamwa pamoja. Wa kwanza ni Yosefina Bakhita, binti wa Sudan aliyetekwa na kuuzwa utumwani akiwa mtoto. Wa pili ni Katharine Drexel, binti wa tajiri mwenye benki wa Philadelphia nchini Marekani. Bakhita anafahamika sana kwa waamini wa Afrika. Katharine hafahamiki kwa kiasi hicho, ingawa maisha yake yote aliyatumia kuwahudumia wajukuu na vitukuu vya watu waliovushwa bahari wakiwa katika minyororo, pamoja na wenyeji wa asili wa Amerika waliopokonywa ardhi yao.

Mojawapo ya matunda ya utume wake ni Chuo Kikuu cha Xavier cha Louisiana, kilichopo katika mji wa New Orleans. Kati ya vyuo vikuu vyote vilivyoanzishwa kihistoria kwa ajili ya Wamarekani Weusi, hiki ndicho pekee cha Kikatoliki. Ndani ya chuo hiki, na katika vyuo vingine kadhaa vya Marekani, umekomaa utaratibu wa kuwapokea vijana wa jamii zilizoachwa nyuma ambao Waswahili tunaweza kuuita programu za daraja. Makala hii inaeleza programu hizi ni nini, zilizaliwa na mahitaji gani, zinafanya kazi kwa namna gani, na zinatufundisha nini kuhusu maana halisi ya kumsaidia kijana.

Daraja ni nini?

Nchini Marekani, masomo ya sekondari humalizika mwezi Mei au Juni, na mwaka wa chuo kikuu huanza mwishoni mwa Agosti au mwezi Septemba. Katikati kuna majira ya kiangazi. Vijana wa familia zenye uwezo huyatumia majira hayo kwa mapumziko, safari na maandalizi. Kwa kijana ambaye hakuna mtu nyumbani mwake aliyewahi kukanyaga chuo kikuu, miezi hiyo ni kipindi cha hatari. Barua za chuo zinakuja na hakuna wa kumfafanulia. Fomu za ufadhili zinamtaka ajaze mambo asiyoyajua. Kazi ya kibarua aliyoipata inamshawishi aahirishe masomo kwa mwaka mmoja, na mwaka huo mara nyingi hauishi.

Programu ya daraja huchukua sehemu ya kiangazi hicho, kwa kawaida wiki nne hadi sita, na kuifanya iwe ya malezi. Wanafunzi wapya huitwa chuoni kabla ya wenzao. Wanakaa bwenini, wanasoma hisabati, uandishi na mara nyingi sayansi, na wanafanya mitihani inayosahihishwa kwa vipimo vilevile vya chuo. Sanjari na masomo, wanajifunza mambo ambayo hayaandikwi kwenye kitabu chochote: namna ya kusoma muhtasari wa kozi, namna ya kumwendea mhadhiri katika saa alizozitenga kwa mashauriano, ofisi ipi inashughulikia ada, na nini kifanyike siku mtu anapofeli jaribio la kwanza. Mwaka wa masomo unapoanza, programu iliyo bora haimwachi mwanafunzi. Humpatia mshauri wa taaluma, vikundi vya kujisomea, walimu wasaidizi, na mara nyingine fedha za kujikimu.

Wanaolengwa huitwa kwa lugha ya huko wanafunzi wa makundi ya wachache. Maana yake kwa kawaida ni Wamarekani Weusi, watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, na wenyeji wa asili wa bara hilo. Kwa miongo ya hivi karibuni wamejumuishwa pia vijana wa rangi yoyote wanaotoka katika familia maskini, na wale ambao wazazi wao hawakusoma chuo kikuu. Miongoni mwao wamo watoto wa wakimbizi kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambao baadhi yao husali Rozari kwa Kiswahili nyumbani na kusoma fizikia kwa Kiingereza shuleni.

Mahitaji yaliyozaa programu hizi

Hadi katikati ya karne ya 20, majimbo ya kusini ya Marekani yaliwatenga kwa sheria Weusi na Weupe katika shule. Mwaka 1954, Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilibatilisha utengano huo katika shule za umma. Hata hivyo, hukumu hufuta sheria kwa siku moja, wakati maktaba tupu, maabara zisizo na vifaa na walimu wachache hubaki kwa vizazi. Milango ya vyuo vikuu ilipoanza kufunguka, ilionekana mapema kwamba kumkaribisha kijana ndani ya nyumba ni jambo moja, na kumwandalia kiti mezani ni jambo jingine.

Katika miaka ya 1960, serikali ya Rais Lyndon Johnson ilianzisha vita dhidi ya umaskini. Chini ya sheria ya mwaka 1964 ilizaliwa programu ya Upward Bound, iliyowachukua wanafunzi wa sekondari kutoka familia maskini na kuwapeleka kwenye kampasi za vyuo wakati wa kiangazi. Mwaka 1965 ikaongezwa ya pili ya kutafuta vipaji, na mwaka 1968 ya tatu ya kuwasaidia walio tayari chuoni. Kwa kuwa zilikuwa tatu, zikapewa jina moja la TRIO, na jina hilo limebaki ingawa programu zenyewe zimeongezeka. Majimbo nayo yalichukua hatua. New Jersey, kwa mfano, ilianzisha mfuko wake wa fursa za elimu mwaka 1968, mwaka mmoja baada ya ghasia kubwa za Newark.

Vyuo vya Kikatoliki havikuwa nje ya historia hii, na ukweli unatudai tuseme kwamba havikuwa daima upande wa walioonewa. Mwaka 1838, Wajesuiti wa Maryland waliuza watumwa 272, na sehemu ya fedha hizo ikaenda kulipa madeni ya Chuo cha Georgetown mjini Washington. Leo chuo hicho kinakiri waziwazi doa hilo. Miaka 130 baada ya mauzo hayo, mwaka 1968, Georgetown kilianza kuwapokea vijana wa jamii zilizotengwa kupitia programu inayoendelea hadi sasa, ambayo wanafunzi wake huanza na masomo ya kiangazi kabla ya mwaka wa kwanza. Kwa hiyo anayeitazama programu ya daraja kama sadaka ya wenye nacho kwa wasio nacho anaona nusu tu ya jambo. Nusu ya pili ni haki, na palipo na haki kuna pia deni la kulipwa.

Katharine Drexel na chuo chake

Katharine alizaliwa mwaka 1858. Baba yake alipofariki mwaka 1885, yeye na dada zake walirithi mapato ya mali nyingi mno. Mwaka 1887 alikutana na Papa Leo XIII na kumwomba apeleke wamisionari kwa wenyeji wa asili wa Amerika. Papa akamrudishia ombi kwa swali: kwa nini asiwe mmisionari yeye mwenyewe? Mwaka 1891 aliweka nadhiri na kuanzisha Shirika la Masista wa Sakramenti Takatifu, lenye karama ya kuwahudumia wenyeji hao na Wamarekani Weusi. Hadi alipofariki tarehe 3 Machi 1955, alikuwa ametumia takribani dola milioni 20 kujenga na kuendesha shule na misioni.

Mwaka 1915 alifungua shule ya sekondari mjini New Orleans, na mwaka 1925 shule hiyo ikazaa chuo kikuu. Miaka miwili baadaye kikaongezwa kitivo cha famasia. Katika zama ambazo wengi waliona kwamba Mweusi anatosha kufundishwa kazi za mikono, Mama Katharine aliwapa wanafunzi wake falsafa, kemia, muziki na lugha. Masista hawakupunguza somo lolote kwa kuwaonea huruma wanafunzi wao. Waliamini kwamba mtu aliyeumbwa kwa sura ya Mungu anastahili kupewa elimu kamili.

Mbegu hiyo ilizaa matunda mengi zaidi chini ya Dkt. Norman Francis, aliyekiongoza chuo kuanzia mwaka 1968 hadi 2015, akiwa mlei wa kwanza na Mmarekani Mweusi wa kwanza kushika wadhifa huo. Katika miaka ya 1970, walimu wa sayansi wakiongozwa na mwanakemia J. W. Carmichael walijiuliza swali zito. Wanafunzi wengi walikuwa wakifika na ndoto ya udaktari, kisha wakiiacha mwaka wa kwanza kwa sababu ya kemia na baiolojia. Je, kasoro ilikuwa katika akili za vijana hao, au katika namna walivyopokewa?

Walianza kujibu kwa vitendo. Kuanzia mwaka 1977 waliandaa masomo ya kiangazi yaliyolenga uwezo wa kufikiri kwa mpangilio: kulichambua tatizo hatua kwa hatua na kumweleza mwenzako kwa sauti njia uliyoitumia. Wanafunzi waligawanywa katika vikundi vilivyoshindana kwa urafiki, ili kusoma kuwe jambo la kujivunia mbele ya wenzao. Kisha walimu waliugeukia mwaka wa masomo wenyewe. Walikubaliana kufundisha kozi za mwanzo kwa mpango mmoja, wakaandaa vitabu vya mazoezi vya kwao wenyewe, na wakaweka majaribio ya mara kwa mara, ili mwanafunzi anayeteleza aonekane mapema. Chuo hiki chenye wanafunzi wapatao elfu tatu kwa miaka mingi kimekuwa cha kwanza nchini Marekani kwa idadi ya wahitimu Weusi wanaoingia vyuo vya udaktari, kikivipita vyuo vikubwa na vyenye fedha nyingi kuliko chenyewe.

Fundisho la Berkeley: kusoma pamoja

Wakati Xavier ikipanga masomo yake, upande wa pili wa nchi, katika Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley, mwanahisabati Uri Treisman alikuwa akichunguza fumbo linalofanana. Wanafunzi Weusi walikuwa wakishindwa kwa wingi katika kozi ya kalkulasi, na wale wenye asili ya China walikuwa wakifaulu. Aliwauliza wahadhiri sababu, nao walimpa majibu yaliyozoeleka: vijana hao hawana ari, hawakuandaliwa vizuri, familia zao hazithamini elimu, au kipato chao ni duni.

Treisman hakuridhika na majibu ya mezani. Aliwafuatilia wanafunzi ishirini wa kila kundi mahali walipoishi na kujisomea, kwa muda wa miezi mingi. Alichokikuta kilizibomoa dhana zote nne. Wazazi wa vijana Weusi walikuwa wamejinyima mengi ili watoto wao wafike pale. Wengi wa vijana hao walikuwa vinara wa shule walizotoka. Walijitahidi, walihudhuria vipindi na kufanya kazi zote walizopewa. Tofauti ilikuwa moja: walisoma peke yao. Walikuwa wamefaulu sekondari kwa kujitenga na makundi ya mtaani, na njia iliyowaokoa kule ndiyo iliyowaangusha chuoni. Wenzao wa asili ya China walikaa pamoja jioni, wakalinganisha majibu, wakasahihishana, na kupeana habari za chuo na mitihani. Aliyekwama alijua mara moja kama ni yeye tu aliyekwama au wote.

Waswahili walikwisha kusema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Treisman alilitumia jambo hilo kwa namna iliyowashangaza wengi. Hakuanzisha masomo ya marudio kwa wanyonge. Alianzisha karakana za hisabati na kuwaalika wanafunzi kama watu wanaotarajiwa kung’ara, akawapa maswali magumu kuliko yale ya darasani, na kuwataka wayatatue kwa pamoja. Matokeo yao yalipanda kwa kiwango kikubwa, na mfano huo ukaigwa na vyuo vingi nchini humo.

Hapa ndipo ulipo moyo wa jambo lenyewe. Vijana hao walikuwa tayari wakipewa msaada wa aina fulani: madarasa ya marekebisho, maneno ya faraja, alama za kuonewa huruma. Msaada wa namna hiyo humwambia mtu kimyakimya kwamba hatarajiwi kufika mbali. Karakana za Berkeley na masomo ya kiangazi ya Xavier ziliwaambia wanafunzi maneno mawili kwa wakati mmoja: kazi hii ni ngumu, na hutaifanya ukiwa peke yako. Daraja halipunguzi kina cha mto. Linampa mtu pa kukanyaga anapovuka.

Baltimore: kutoka kumi na tisa hadi chanjo

Mfano wa tatu unapatikana katika Chuo Kikuu cha Maryland, tawi la Kaunti ya Baltimore. Mwaka 1988, mwanahisabati Freeman Hrabowski, kwa ufadhili wa mfadhili Robert Meyerhoff na mkewe Jane, aliasisi programu inayobeba jina la familia hiyo. Hrabowski mwenyewe aliwahi kufungwa jela akiwa na umri wa miaka 12, kwa kushiriki maandamano ya watoto ya kudai haki mjini Birmingham mwaka 1963. Kundi la kwanza, lililoanza mwaka 1989, lilikuwa la vijana 19 wa kiume, wote Wamarekani Weusi. Mwaka uliofuata wakaingizwa wasichana.

Kila anayechaguliwa huanza na wiki sita za daraja. Huko wanaishi kwa ratiba kali, wanasoma hisabati, sayansi na masomo ya jamii, na wanafundwa kwamba mafanikio ya mmoja ni ya wote. Anayepata alama ya wastani katika kozi ya msingi hushauriwa kuirudia, hata kama amefaulu, kwa kuwa msingi dhaifu utambomokea mbele ya safari. Mapema kabisa hupelekwa katika maabara za watafiti wakubwa, ili wajione kuwa wanasayansi kabla ya kuhitimu.

Kati ya waliopita katika programu hiyo yumo Dkt. Kizzmekia Corbett, aliyehitimu mwaka 2008. Miaka kumi na miwili baadaye alikuwa mmoja wa wanasayansi waliokuwa mstari wa mbele katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani kutengeneza chanjo ya UVIKO-19 kwa kushirikiana na kampuni ya Moderna. Yumo pia Dkt. Jerome Adams, aliyekuwa Mganga Mkuu wa Serikali ya Marekani kuanzia mwaka 2017 hadi 2021. Nuru ya watu kama hawa ingezimwa chuoni, hasara isingekuwa ya familia zao tu.

Daraja lisilo na barabara

Haitakuwa haki kuzisifu programu hizi bila kutaja mipaka yake. Mwaka 2009, watafiti walizichunguza programu za daraja katika vyuo vinane vya jimbo la Texas, wakiwagawa wanafunzi kwa bahati nasibu: wengine wakaingia katika programu, wengine wakabaki na huduma za kawaida. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2012 yalionyesha kwamba walioshiriki walifaulu mapema zaidi kozi zao za kwanza za hisabati na uandishi. Lakini kufikia mwisho wa mwaka wa pili tofauti hiyo ilikuwa imefifia, na hapakuwa na dalili kwamba walidumu chuoni kuliko wenzao.

Funzo ni la wazi. Wiki chache za kiangazi, hata zikiwa nzuri namna gani, haziwezi kubeba miaka minne. Daraja linalomshusha mtu msituni humwacha apotee ng’ambo badala ya kupotelea upande aliotoka. Programu zilizozaa matunda ya kudumu ni zile zilizoendelea kumshika mwanafunzi mkono: kikundi, mshauri, mhadhiri anayemjua kwa jina, na fedha za dharura.

Fedha zisidharauliwe. Wapo wanafunzi wanaoacha masomo wakiwa wamebakiza muhula mmoja, kwa sababu ya deni dogo kuliko bei ya kompyuta. Chuo Kikuu cha Georgia State, mjini Atlanta, kilitambua jambo hilo na kuanza kutoa ruzuku ndogo kwa wanaokaribia kufutiwa usajili kwa sababu ya salio la ada. Wajesuiti wa Chicago walifikiri kwa namna inayofanana walipofungua Chuo cha Arrupe mwaka 2015, ndani ya Chuo Kikuu cha Loyola. Ni chuo cha miaka miwili kwa vijana wa familia maskini, kilichopangwa ili mwanafunzi aweze kufanya kazi siku ambazo hana vipindi, ale chuoni, na amalize akiwa na deni dogo au bila deni. Anayeacha masomo katikati akiwa na mkopo wa kulipa na asiwe na shahada ya kumwezesha kuulipa, amebebeshwa mzigo mzito kuliko aliokuwa nao alipokuwa nyumbani.

Mabishano ya siku hizi

Programu hizi sasa zipo katika kipindi kigumu. Tangu miaka ya 1990, mahakama za Marekani zimekuwa zikihoji misaada iliyotengwa kwa rangi moja peke yake. Baada ya hukumu ya mwaka 1994 kuhusu ufadhili wa wanafunzi Weusi katika Chuo Kikuu cha Maryland, programu ya Meyerhoff ilifungua milango kwa vijana wa rangi zote mwaka 1996, na kubaki na lengo lake la kuongeza wanasayansi kutoka jamii zilizoachwa nyuma. Tarehe 29 Juni 2023, Mahakama Kuu ilizuia vyuo kutumia rangi kama kigezo cha kudahili wanafunzi. Ingawa hukumu hiyo ilihusu udahili, vyuo vingi vimeanza kuzipitia upya hata programu za usaidizi. Mwaka 2025, pendekezo la bajeti ya serikali kuu lilitaka fedha za TRIO ziondolewe kabisa.

Wanaopinga wanasema kila mtu ahesabiwe kwa juhudi zake, na kwamba kumpendelea mmoja ni kumdhulumu mwingine. Hoja hiyo inastahili kusikilizwa kwa heshima, kwa sababu usawa wa watu mbele ya Mungu ni msingi wa mafundisho ya Kanisa. Hata hivyo, programu ya daraja haimpi mtu cheti asichokistahili. Mtihani ni uleule na alama ya kufaulu ni ileile. Inachotoa ni kile ambacho kijana wa familia iliyosoma hukipata bure mezani kwa baba yake: maelezo, mfano wa kuiga, na mtu wa kumpigia simu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 kuhusu elimu ya Kikristo, uliwakumbusha waamini kwamba elimu ni haki ya kila mtu, na ukazitaka shule za Kikatoliki kuwajali kwa namna ya pekee maskini wa mali na walionyimwa msaada wa familia. Vigezo vya kuwapata wahitaji vinaweza kubadilika kwa mujibu wa sheria. Wajibu wa kuwatafuta haubadiliki.

Yanayoihusu parokia

Waamini wanaosoma Kiswahili wanaguswa na jambo hili kwa njia mbili. Wapo walio na ndugu au watoto Marekani. Hawa wajue kwamba programu nyingi za daraja humtaka kijana aombe miezi kadhaa kabla ya kiangazi, na mara nyingi huulizia kipato cha familia na kama mzazi mmojawapo alihitimu chuo kikuu. Mwalimu mshauri wa shule ya sekondari au ofisi ya huduma za wanafunzi ya chuo husika ndiyo mahali pa kuanzia. Kijana wa mkimbizi asijifiche kwa aibu ya lafudhi yake. Programu hizi zimewekwa kwa ajili ya watu kama yeye, na kuomba nafasi humo si kukiri udhaifu.

Wengi zaidi ni wale ambao hawatavuka bahari, lakini kila mwaka huwaona vijana wa jumuiya zao ndogo ndogo wakiaga kwenda chuo kikuu wakiwa wa kwanza katika ukoo mzima. Misa ya shukrani huadhimishwa, mchango wa nauli hukusanywa, na watu hupiga vigelegele. Kisha ukimya hufuata. Hakuna anayeuliza muhula wa kwanza umekwendaje mpaka kijana arudi nyumbani kimya, na hapo ndipo maneno huanza.

Yale yaliyofanyika New Orleans, Berkeley na Baltimore yalihitaji fedha, lakini sehemu kubwa ya nguvu yake haikutokana na fedha. Ilitokana na watu waliosoma kabla kuwasubiri wanaofuata. Kila parokia ina walimu, wauguzi, wahasibu na wahandisi waliopita chuo kikuu. Wakiwakusanya vijana wanaosubiri kujiunga na chuo, hata kwa jioni chache, wakawaeleza namna mikopo inavyoombwa, namna ya kuandika insha ya kitaaluma, na kwamba kufeli jaribio la kwanza si mwisho wa safari, watakuwa wameweka ubao wa kwanza wa daraja. Wakiwapanga wawili wawili na watatu watatu ili wajisomee pamoja, wataweka wa pili. Na wakiwapigia simu mwezi wa Novemba, wakati shangwe za kuagana zimekwisha kusahauliwa, wataweka wa tatu, ambao huenda ndio unaohitajika kuliko yote.